Kigingi Kilichozama Mtoni

Nje kidogo ya mji wa East Liverpool, jimbo la Ohio, pembeni mwa barabara inayoelekea Pennsylvania, kuna jiwe la kumbukumbu ambalo mtu asiyelitafuta hulipita bila kuliona. Shemeji yangu alilipita mara mbili. Tulikuwa tumetoka Columbus alfajiri, yeye akiendesha, mimi na ramani mapajani, na dada yangu kiti cha nyuma akiuliza kila baada ya muda ni jiwe gani hilo la kufungiwa safari siku nzima. Hatimaye tukaliona, tukaegesha kwenye kokoto, nikashuka.

Maandishi yake yanasema kwamba futi 1,112 kusini ya pale ndipo ulipoanzia upimaji wa ardhi ya umma ya Marekani, tarehe 30 Septemba 1785, chini ya Thomas Hutchins. Nikageuka kusini nikapima kwa jicho, kama tunavyofanya kazini kabla ya kutoa vyombo. Futi 1,112 ni kama mita 340. Zikaishia majini. Mto Ohio ulijengewa mabwawa, maji yakapanda, na mahali kilipokuwa kigingi pamefunikwa.

Mpango ulioanzia pale ulikuja kukata ardhi ya majimbo 30 kuwa miraba, kutoka Ohio hadi bahari ya Pasifiki. Ukiwa kwenye ndege juu ya Iowa au Kansas unaiona miraba hiyo kwa macho: mashamba yenye pembe nne, barabara zinazokutana kila maili moja. Yote hayo yalianza na kigingi kimoja cha mti ukingoni mwa mto. Na kilichonivuta hadi pale ni kwamba kigingi chenyewe hakikupandwa na serikali kuu. Kilipandwa na watu wa majimbo mawili, kwa shughuli yao nyingine kabisa.

Mimi ni mpima ardhi, na kazi hii nimeifanya miaka kumi na tisa. Mwaka wangu wa kwanza nilipelekwa na mkubwa wangu wa kazi kwenye kijiji kimoja cha Kilimanjaro, ambako majirani wawili walikuwa hawasalimiani kwa ajili ya kipande cha kihamba, shamba la ukoo, ambacho hata trekta lisingegeuka ndani yake. Ramani ilisema mpaka upite hapa. Bikoni, yaani alama ya mpaka tuliyoifukua, ikiwa imefunikwa na majani ya migomba na udongo wa miaka, ilikuwa karibu hatua moja kando. Na masale, yale majani marefu ambayo Wachaga hupanda mpakani, yalikuwa yamesimama kwenye mstari wa bikoni, si wa ramani. Mzee mmoja alikuja akasimama mbele ya tripodi yangu, akauliza kwa upole, "Mwanangu, nani amekutuma?" Nikamtajia ofisi. Akasema, "Na haya masale, unajua nani aliyatuma?"

Mkubwa wangu akafunga kitabu chake. Tulipima kwa kufuata bikoni na masale. Jioni akaniambia ramani ni karatasi, neno ni lile lililopandwa ardhini watu wakaliona na kulikubali. Tangu siku hiyo, kila nikisoma habari ya mpaka wowote, swali la mzee yule hunitangulia. Nani alimtuma aliyekuja na kamba? Na aliyemtuma, yeye alipewa na nani?

Marekani ya mwanzo ni mahali ambapo swali hilo lilikosa jibu kwa miaka sitini hivi.

Chanzo chake ni hati za wafalme. Mfalme aliyekaa London, bila kuijua ardhi wala wakazi wake, aliandika kwamba koloni fulani lianze pwani na kwenda magharibi hadi bahari nyingine. Connecticut ilipewa hati ya namna hiyo mwaka 1662. Mwaka 1681 mfalme yuleyule, Charles II, akampa William Penn hati ya Pennsylvania, na hati hizo mbili zikapandana kwenye bonde la Wyoming, kando ya mto Susquehanna, ardhi nyeusi yenye rutuba. (Wyoming hii si lile jimbo la milima la magharibi, jina lilihamia huko baadaye.) Watu wa Connecticut wakaja na hati zao, watu wa Pennsylvania na za kwao. Kuanzia 1769 wakachomeana nyumba na kuuana. Kila upande ulikuwa na mpima wake, na kila mpima alikuwa na karatasi halali kwa macho ya aliyemtuma.

Makoloni yalipojitangazia uhuru, mfalme aliyekuwa mwamuzi wao wa mwisho aliondoka. Hapo ndipo palipotokea pengo. Nani sasa angeamua kati ya jimbo na jimbo, wakati kila moja lilijihesabu kuwa dola kamili? Makubaliano ya Shirikisho, mkataba wa kwanza wa kuyaunganisha majimbo, yaliyoanza kazi Machi 1781, yaliweka jibu katika ibara ya 9, na nimelisoma mara nyingi kwa sababu linaonyesha wazi jinsi walivyoogopana. Kongresi ndiyo iwe kimbilio la mwisho kwa magomvi ya mipaka, lakini isiamue yenyewe. Majimbo yanayogombana yachague majaji kwa pamoja. Yakishindwa, Kongresi itaje watu watatu kutoka kila jimbo, kisha kila upande ufute jina moja kwa zamu hadi yabaki 13, halafu kati ya hayo yatolewe kwa kura ya bahati majina saba hadi tisa, na watano kati yao watosha kusikiliza kesi. Hukumu ikitoka, hakuna rufaa. Hakuna pia askari hata mmoja wa kuitekeleza.

Kesi moja tu ya mpaka ilifika mwisho wa njia hiyo: Connecticut na Pennsylvania, juu ya bonde la Wyoming. Pande mbili ziliafikiana majina bila kufika kwenye kura. Majaji watano wakakaa Trenton, New Jersey, tangu Novemba 1782, na tarehe 30 Desemba wakatoa uamuzi kwa kauli moja: eneo ni la Pennsylvania. Hawakutoa sababu hata sentensi moja. Connecticut ikakubali, na kwa hilo nailipa heshima, kwa sababu hakuna aliyeweza kuilazimisha.

Ila majaji walihukumu mamlaka ya jimbo, si shamba la mtu. Mkulima aliyefyeka msitu kwa hati ya Connecticut, akamzika mtoto wake pale, alilala usiku akiwa mwenye ardhi na kuamka asubuhi mvamizi. Mwaka 1784 Pennsylvania ikawafukuza kwa silaha, nao wakarudi na silaha. Ilichukua hadi mwisho wa karne ndipo sheria za maridhiano zikaanza kuwapa hati. Nikiwa kazini nimewaona watu wa namna hiyo, waliopimiwa na ofisi moja na kukataliwa na nyingine. Hukaa kimya sana ofisini, bahasha imeshikwa kwa mikono miwili.

Sambamba na hayo kulikuwa na ugomvi mkubwa zaidi wa ardhi ya magharibi, ng'ambo ya milima ya Appalachia. Virginia ilidai karibu yote. Maryland, ambayo hati yake haikwenda popote magharibi, ilikataa kuingia kwenye Shirikisho mpaka wenye madai makubwa waahidi kuyaachia Muungano. Ndiyo maana Makubaliano yaliyopitishwa na Kongresi 1777 yalisubiri hadi 1781. Virginia ilikabidhi rasmi ardhi ya kaskazini mwa mto Ohio tarehe 1 Machi 1784. Ghafla Kongresi, iliyokuwa haina fedha, imejaa madeni, na imewaahidi askari wake mashamba, ikawa na ardhi pana kuliko jimbo lolote. Na haikuwa na kigingi hata kimoja cha kuanzia kuipima.

Kwa hiyo ikaazima.

Miaka ishirini nyuma, familia mbili zilizomiliki makoloni, Penn wa Pennsylvania na Calvert wa Maryland, zilichoka kushitakiana, zikaleta kutoka Uingereza wanaastronomia wawili, Charles Mason na Jeremiah Dixon. Toka 1763 hadi 1767 walipima kwa nyota mstari ambao baadaye dunia nzima iliujua kwa majina yao. Mawe ya mpaka yalichongwa Uingereza yakaletwa kwa meli: kila maili jiwe lenye M upande mmoja na P upande wa pili, na kila maili tano jiwe kubwa lenye nembo za familia zote mbili. Oktoba 1767 wakafika kijito cha Dunkard. Wasindikizaji wao wa mataifa ya Iroquois, wenyeji wa asili, wakawaambia wamefika kwenye njia ya vita na hawatavuka. Mason na Dixon wakafunga darubini, wakarudi, mstari ukiwa haujafika mwisho.

Mwaka 1784 Pennsylvania na Virginia zilituma watu wa kuumalizia. Walikuwemo mabingwa wa wakati huo, David Rittenhouse na Andrew Ellicott, na upande wa Pennsylvania alikuwemo pia Thomas Hutchins. Walipopata kona ya kusini-magharibi ya Pennsylvania, mwaka uliofuata mstari ukageuzwa kaskazini, ukikata vilima na msitu hadi mto Ohio. Tarehe 20 Agosti 1785 wakapanda kigingi kwenye ukingo wa mto. Kazi yake ilikuwa kuonyesha Pennsylvania inapoishia, basi.

Miezi mitatu kabla, tarehe 20 Mei, Kongresi ilikuwa imepitisha Sheria ya Ardhi. Nayo ikaelekeza kwamba mstari wa kwanza wa kwenda magharibi uanzie mtoni, mahali mpaka wa magharibi wa Pennsylvania utakapoonekana kuangukia. Yaani serikali kuu ilijifunga kwenye kazi ya majimbo hata kabla kazi hiyo haijakamilika. Hutchins alikuwa pia na cheo cha Mwanajiografia wa Marekani, na kila jimbo lilitakiwa kutoa mpima mmoja wa kufanya kazi chini yake. Alisimama kwenye kigingi kilekile ambacho wiki sita tu nyuma kilikuwa cha wenzake wa majimbo, akaelekeza dira magharibi.

Nataka msomaji aione kazi yenyewe, kwa sababu wanahistoria wengi huruka hapa, na hapa ndipo mamlaka yote ya Kongresi yaliposhikwa mkononi.

Chombo kilikuwa mnyororo wa Gunter: futi 66, pete ndefu 100 za chuma zilizounganishwa. Minyororo 80 ni maili moja. Mraba wa mnyororo mmoja kwa mmoja, ukichukua kumi, ni ekari moja. Hesabu hiyo tamu ndiyo iliyofanya mnyororo utumike miaka zaidi ya mia mbili. Mbele anatembea mtu mmoja ameshika mpini na fungu la pini za chuma. Nyuma yuko mwenzake. Wa mbele akifika mwisho wa mnyororo anauvuta ukaze, anachoma pini, anaita. Wa nyuma anaitika, anasogea hadi kwenye pini, anaing'oa, na idadi ya pini mkononi mwake ndiyo hesabu. Kwenye mteremko mnyororo unashikwa usawa hewani, la sivyo unapima mgongo wa kilima badala ya ardhi. Mbele yao wenye mashoka wanafungua njia. Pete zikisuguana mwaka mzima huliwa, mnyororo ukarefuka kidogo kidogo, na kila maili ikadanganya. Hata utepe wa chuma nilioanza nao kazi ulikuwa ukirefuka kwa jua la saa saba, tukasahihisha kwa jedwali. Wao kwenye matope ya Ohio hawakuwa na nafasi hiyo.

Kwenye kila kona ya mraba wanapanda nguzo, kisha wanatafuta miti iliyo karibu, wanaichuna gome na kuitia alama, wanaandika kitabuni ni mti gani, unene gani, uko upande gani na umbali gani kutoka kwenye nguzo. Miti ya ushahidi. Nilipoyasoma mara ya kwanza niliwaza masale moja kwa moja. Nguzo ikioza au ikang'olewa usiku, mti unasimama kusema.

Sheria ilitaka miraba ya maili sita kwa sita, kila mmoja ugawanywe vipande 36 vya ekari 640, na kipande namba 16 kiachwe kwa ajili ya shule. Bei isipungue dola moja kwa ekari. Mpima alilipwa dola mbili kwa maili, na humohumo alipe wabeba mnyororo. Ukimlipa mtu kwa maili umemwambia aende mbio. Dunia pia ni duara, na mistari ya kwenda kaskazini hukaribiana kadiri inavyopanda, kwa hiyo mraba kamili haupo; baadaye sheria ikaelekeza kasoro zote zisukumwe kwenye vipande vya kaskazini na magharibi mwa kila mraba.

Na makosa? Hapa Kongresi ilitamka jambo ambalo mkubwa wangu wa Kilimanjaro angelipigia makofi. Sheria ya 11 Februari 1805 ilisema kona zilizowekwa na wapima wa serikali ndizo kona za kweli, na mistari waliyoipita ndiyo mipaka, hata kama kipimo halisi kinatofautiana na kilichoandikwa. Mpima wa leo Ohio akikuta jiwe la asili liko futi ishirini nje ya hesabu, hana ruhusa ya kulisahihisha. Kazi yake ni kulitafuta na kulifuata.

Lakini Hutchins hakufika mbali. Alipima kama maili nne, habari za hatari zikamfikia, akasimamisha kazi. Mwaka uliofuata walirudi na ulinzi wa askari. Mataifa ya Shawnee, Lenape, Wyandot na mengine yalikuwa yakiishi na kuwinda huko. Januari 1785, pale Fort McIntosh, wajumbe wa Kongresi walipata saini za baadhi ya viongozi kwenye mkataba wa kuachia ardhi. Wengi wakasema waliosaini hawakutumwa na mtu. Tazama jinsi swali la mzee wangu lilivyorudi. Muungano ulijenga utaratibu wa kufuta majina kwa zamu ili Connecticut isionewe na Pennsylvania, na haukujenga chochote cha kumsikiliza Mshawnee. Tarehe 4 Novemba 1791 mataifa hayo yaliungana yakalivunja jeshi la Jenerali Arthur St. Clair, askari zaidi ya 600 wakafa. Mkataba wa Greenville ukafuata 1795 baada ya wao kushindwa, na wapima wakapita. Katika habari hii yote, ile njia ya vita kwenye kijito cha Dunkard ni mpaka wa pekee wa wenyeji ambao mpima wa kizungu aliufikia akageuka. Haukuwa na jiwe wala nembo.

Katiba ya 1787 iliziba baadhi ya mapengo. Magomvi kati ya majimbo yakapelekwa mahakama za shirikisho. Majimbo yakakatazwa kuafikiana kati yao bila ridhaa ya Kongresi. Ardhi ya umma ikawekwa chini ya Kongresi, na mwaka 1796 ikaundwa ofisi ya Mpimaji Mkuu, Rufus Putnam akiwa wa kwanza. Ukisoma hivyo unaweza kudhani mambo yalitulia.

Hayakutulia, na Toledo, mji wa bandari kwenye mto Maumee, ndiyo ushahidi.

Mwaka 1787 Kongresi iliamua kwamba majimbo yatakayozaliwa kaskazini yagawanywe kwa mstari unaotoka ncha ya kusini ya Ziwa Michigan ukienda moja kwa moja mashariki. Ramani zilizotegemewa wakati huo zilionyesha ncha hiyo ikiwa kaskazini kuliko ilivyo. Ohio ilipoandika katiba yake 1802, watu wake walikuwa wamesikia fununu kwamba ziwa linashuka zaidi kusini, hivyo wakaongeza sharti: mstari ukionekana kuwanyima mlango wa mto Maumee, basi upindwe hadi rasi ya kaskazini ya ghuba ya mto huo. Kongresi ikaipokea Ohio bila kusema ndiyo wala hapana juu ya sharti hilo. Ukimya huo uligharimu miaka 34.

Mwaka 1817 mpaka ukapimwa. Aliyetoa maelekezo ni Mpimaji Mkuu, afisa wa serikali kuu, Edward Tiffin. Na Tiffin alikuwa ndiye gavana wa kwanza wa Ohio. Alimtuma William Harris apime kwa maneno ya katiba ya Ohio. Michigan, iliyokuwa bado eneo chini ya serikali kuu, ikalalamika kupitia gavana wake Lewis Cass. Rais akaagiza upimaji mwingine, na 1818 John Fulton akapima kwa maneno ya Kongresi. Hivyo ikawa na mistari miwili, yote imepimwa kwa fedha za shirikisho, yote ina vigingi, yote ina vitabu vya wapima. Katikati yake kilibaki kipande cha maili za mraba 468, kikiwa na upana wa maili tano magharibi na nane mashariki, na ndani yake bandari ambayo mfereji mpya ungeishia. Nimekitafakari sana kisa hiki. Siwezi kusema Tiffin alidanganya. Alifuata maandishi yaliyokuwepo. Ila mtu akiwa na kofia mbili, ni lazima aulizwe leo amevaa ipi.

Mwaka 1835 Gavana Robert Lucas wa Ohio alituma watu wake wauweke upya mstari wa Harris. Michigan, chini ya Stevens T. Mason, kijana wa miaka 23, ilikuwa imepitisha sheria ya faini hadi dola 1,000 na kifungo cha hadi miaka mitano chenye kazi ngumu kwa yeyote atakayeshika madaraka pale bila idhini yake. Jumapili ya tarehe 26 Aprili wapima wa Ohio walikuwa wamepumzika mahali paitwapo Phillips Corners. Wanamgambo wa Michigan wakawazukia, wakafyatua risasi juu ya vichwa, wengine wakakimbilia msituni, tisa wakakamatwa. Wabeba mnyororo, wenye mashoka, watu wa mshahara mdogo. Hao ndio wanaosimama mbele wakubwa wakigombana, na nikiri kwamba sehemu hiyo huwa inanigusa kuliko zote. Nimewahi kuzungukwa na mapanga nikiwa na vijana wawili wa kubeba vyombo, na sikumfikiria waziri wala katibu mkuu. Nilifikiria nitawaambia nini mama zao.

Damu pekee iliyomwagika katika vita hiyo ilikuwa ya naibu wa sherifu wa Michigan, aliyechomwa kisu kidogo akajeruhiwa, akapona. Septemba, ili kuonyesha kwamba ina mamlaka, Ohio ilifungua mahakama Toledo usiku wa manane ndani ya shule, kikao kikaisha upesi, na karani akaondoka na kumbukumbu zimefichwa ndani ya kofia yake.

Mwanasheria Mkuu wa serikali kuu, Benjamin Butler, alikuwa ameshatoa maoni kwamba hadi Kongresi ibadilishe, kipande ni cha Michigan. Kwa sheria tupu, Michigan ilikuwa na haki. Lakini Ohio ilikuwa jimbo lenye kura, uchaguzi wa rais wa 1836 ulikuwa mlangoni, na Michigan haikuwa na kura hata moja. Rais Andrew Jackson alimwondoa Mason kazini. John Quincy Adams, aliyewahi kuwa rais na sasa mbunge, alisema hajapata kuona ugomvi ambao haki yote iko upande mmoja na nguvu yote upande wa pili namna ile. Michigan ikaambiwa itaingia kwenye Muungano ikikubali mstari wa Harris, na ikapewa badala yake ile rasi kubwa iliyo kaskazini mwa Ziwa Michigan, msitu na theluji kwa macho ya wakati huo. Iliingia tarehe 26 Januari 1837. Baadaye shaba na chuma vya kule vikawa utajiri mkubwa, na watu hupenda kusimulia kwamba Michigan ndiyo iliyopata. Mimi sipendi usimulizi huo. Aliyenyimwa haki akaokota dhahabu njiani bado alinyimwa haki.

Mwaka uleule ugomvi mwingine ulikuwa mbele ya Mahakama ya Juu, na huu unaniridhisha zaidi. Rhode Island iliishitaki Massachusetts. Mwaka 1642 wapima wawili, Nathaniel Woodward na Solomon Saffrey, walipanda kigingi kilichotakiwa kuwa maili tatu kusini mwa mto Charles. Rhode Island ilisema kiko maili saba. Massachusetts, ikitetewa na Daniel Webster, ilisema Mahakama haina mamlaka ya kugusa mpaka wa jimbo huru. Mwaka 1838 Mahakama ikajibu kwamba inayo, ingawa Jaji Mkuu Taney alipinga. Hapo ndipo Muungano ulipopata kweli kile ambacho ibara ya 9 ilikitafuta kwa kufuta majina. Kisha 1846, ikitumia mamlaka hayohayo, Mahakama ikaamua kigingi kibaki palepale. Wawakilishi wa Rhode Island walikuwa wamekikubali zaidi ya miaka mia moja nyuma, watu wakazaliwa na kuzikwa kwa kukifuata, na kosa la mpima, kama lilikuwepo, lilikuwa limeota mizizi.

Mpaka wa Ohio na Michigan ulipimwa tena mwaka 1915, majimbo yote mawili yakishirikiana, na mawe ya matale yakapandwa kando ya mstari wa Harris. Magavana wakaja wakapeana mikono juu ya mpaka. Sehemu ya ndani ya Ziwa Erie ilibaki na ubishi hadi Mahakama ya Juu ilipoumaliza 1973.

Haya yote nilijaribu kumweleza shemeji pale pembeni mwa barabara, upepo ukitupiga. Alinisikiliza, ni mtu mvumilivu. Akaniuliza kigingi chenyewe kilikuwa wapi hasa. Nikamwonyesha kwa mkono, nikilenga kusini kadiri nilivyoweza bila chombo. Tishari la makaa ya mawe lilikuwa likishuka na mto, refu, polepole. Tukasubiri lipite juu yake.